Nafasi Tupu Alizoziacha Mendeleev

Katika maabara nyingi za shule za sekondari kuna bango ukutani lenye visanduku 118, na ndani ya kila kisanduku mna herufi moja au mbili pamoja na namba. Wanafunzi hukaririshwa visanduku 20 vya mwanzo, kuanzia hidrojeni hadi kalsiamu, wakajibu mtihani, na baada ya hapo wengi wao hawabaki na kitu zaidi ya kujua kwamba maji ni H2O. Majina kusahaulika si hasara kubwa, maana yameandikwa palepale ukutani. Hasara ni kwamba mwanafunzi anamaliza shule akidhani jedwali la elementi ni rejista ya vitu vilivyomo duniani, iliyopangwa na wataalamu kwa namna waliyoona inapendeza. Kumbe jedwali lile ni dai kuhusu maumbile, na ni dai ambalo lingeweza kushindwa. Lilitolewa mwaka 1869, likapimwa kwa mizani na kwa moto, likakutwa na kasoro, likarekebishwa, na mwishowe sababu yake ikapatikana ndani ya atomi yenyewe. Ninachokusudia kukitetea hapa ni kwamba umbo zima la jedwali, pamoja na mistari yake isiyolingana urefu na vile vipande viwili vilivyowekwa chini peke yake, linatokana na mambo mawili yanayohesabika: idadi ya protoni katika kiini cha atomi, na mpangilio wa elektroni zinazokizunguka. Aliyeyashika mawili hayo anaweza kueleza tabia ya elementi ambayo hajapata kuiona.

Dmitri Mendeleev, mzaliwa wa Tobolsk huko Siberia, alikuwa profesa wa kemia mjini St. Petersburg alipochapisha jedwali lake la kwanza. Elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63. Elektroni ilikuwa haijagunduliwa, kiini cha atomi kilikuwa hakijafikiriwa, na walikuwapo wanasayansi wenye heshima zao waliotilia shaka kama atomi zipo kweli. Alichokuwa nacho mkononi ni uzito wa atomi wa kila elementi, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa hidrojeni, pamoja na tabia zake: inaungana na oksijeni kwa uwiano gani, inaungana na klorini kwa uwiano gani, ni metali au si metali, inayeyuka upesi au kwa tabu. Akazipanga kwa kufuata uzito, na kila alipoona tabia zimeanza kujirudia akaanza mstari mpya. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zikaangukia safu moja, nazo zote ni metali laini za kukatwa kwa kisu, zote hazielewani na maji, na kila atomi yake huchukua atomi moja tu ya klorini. Wenzake walikuwa wameliona jambo hilo kabla yake. Mwaka 1865, John Newlands wa London aliandika kwamba kila elementi ya nane inafanana na ya kwanza, na mwaka uliofuata, mbele ya mkutano wa wanakemia, akaulizwa kwa dhihaka kama amejaribu pia kuzipanga kwa alfabeti. Dhihaka ile haikuwa ya haki, lakini mpango wake ulikuwa na udhaifu wa kweli: alijaza kila nafasi kwa elementi alizokuwa nazo, hata kobalti na nikeli zikajikuta katika safu ya klorini, ambayo hazifanani nayo hata kidogo. Mendeleev alithubutu kufanya jambo ambalo Newlands hakulifanya. Palipokosekana elementi ya kufaa, alipaacha tupu.

Kuacha nafasi tupu kulimweka mahali ambapo angeweza kuumbuka. Mwaka 1871 alizieleza elementi tatu ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezishika: moja ya kukaa chini ya boroni, moja chini ya alumini, na moja chini ya silikoni. Miaka minne baadaye Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, akichunguza madini ya zinki kutoka milima ya Pyrenees, aliona katika mwanga wa sampuli yake mistari miwili ya zambarau ambayo haikuwa ya elementi yoyote aliyoijua. Aliipa elementi hiyo jina la galiamu, akaipima, akatangaza kwamba sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.7. Mendeleev akamwandikia kutoka Urusi kwamba hiyo ndiyo elementi yake ya chini ya alumini, na kwamba kipimo hicho kina makosa. Yapaswa kuwa kati ya 5.9 na 6. Fikiria hali yenyewe: mmoja ameishika metali mkononi, mwingine hajaiona kabisa, na asiyeiona ndiye anayemwambia aliyeishika akapime upya. Lecoq aliisafisha sampuli yake, akapima tena, akapata 5.9. Mwaka 1879 skandiamu ilipatikana Sweden ikaenda kukaa chini ya boroni. Kisha, mwaka 1886, Clemens Winkler wa Freiberg nchini Ujerumani alikuwa akichambua madini mapya ya fedha, na kila alipojumlisha alivyovipata, hesabu ilipungua kwa asilimia 7 hivi. Alipoisaka hiyo asilimia 7 akaipata germaniamu. Mendeleev alikuwa ametabiri uzito wa atomi wa 72. Winkler alipata kidogo zaidi ya 72. Mendeleev alikuwa ametabiri pia kwamba kloridi yake itakuwa kimiminika kitakachochemka chini ya nyuzi 100, na kweli kinachemka kwenye nyuzi 80 na ushei.

Msomaji makini atasema hiyo ni bahati, na atakuwa na kitu cha kushikilia. Mendeleev alitabiri pia elementi ambazo hazikupatikana kamwe, zikiwemo mbili nyepesi kuliko hidrojeni alizozipendekeza uzeeni. Zaidi ya hayo, jedwali lake lilikosa kundi zima. Mwaka 1894, Lord Rayleigh na William Ramsay walitangaza kuwa karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta ni gesi isiyoungana na chochote, wakaiita argoni. Haikuwa na nafasi popote, na Mendeleev mwenyewe alidhani ni nitrojeni iliyojikusanya atomi tatu tatu. Lakini tuangalie alikosea wapi na alipatia wapi. Utabiri ulioanguka ni ule uliovuka mpaka wa jedwali, mahali ambapo elementi inayotafutwa haikuwa na majirani wa kulinganishwa nao. Ule uliosimama ulihusu nafasi zilizozungukwa na majirani wanaojulikana karibu pande zote. Nazo zile gesi, mara zilipofika zote, yaani heliamu, neoni, argoni, kriptoni na zenoni, ziliingia pamoja kama safu moja mpya pembeni bila kuhamisha elementi hata moja kutoka mahali pake. Mpangilio wa kubahatisha hauwezi kupokea kundi zima la wageni ukabaki umenyooka.

Kasoro iliyokuwa nzito kuliko hizo ilikuwa katika kanuni yenyewe ya kupanga. Uzito wa atomi wa teluriamu ni 127.6, na wa iodini ni 126.9. Tukifuata uzito, iodini inatangulia na kuangukia safu ya salfa, nayo teluriamu inaangukia safu ya klorini. Mwanakemia yeyote aliyewahi kuzigusa angepinga, kwa sababu iodini ni ndugu wa klorini kwa kila hali. Mendeleev alizigeuza, akatetea kwamba uzito wa teluriamu umepimwa vibaya. Ulipimwa tena na tena, haukubadilika. Argoni ilipokuja ikaleta tatizo lilelile, maana ni nzito kuliko potasiamu inayoifuata. Kobalti nayo ni nzito kuliko nikeli. Kwa hiyo alikuwa amepatia mpangilio, lakini sababu aliyoitoa ilikuwa na makosa. Kulikuwa na namba nyingine iliyojificha nyuma ya uzito, na kuipata kulihitaji kuingia ndani ya atomi.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge alipoonyesha kwamba miale inayopita ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa ni chembe zenye chaji hasi, nyepesi mno kuliko atomi yoyote. Hizo ndizo elektroni, na kama zimo ndani ya kila atomi, basi lazima mwe pia na chaji chanya ya kuzisawazisha. Mwaka 1909 mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Karibu zote zilipenya bila kukwama, lakini chache sana, moja katika maelfu, zilirudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford akatoa maelezo ambayo hadi leo hayajapinduliwa: chaji chanya yote ya atomi, na karibu uzito wake wote, vimekusanyika katika kiini kidogo mno kilichopo katikati. Tukiikuza atomi ya hidrojeni mpaka ienee uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, kiini chake kitakuwa punje moja ya ulezi iliyowekwa katikati ya uwanja, na eneo lote linalobaki ni la elektroni moja. Baadaye ilijulikana kuwa kiini kina protoni, zenye chaji chanya, na neutroni, zisizo na chaji, ambazo James Chadwick alizithibitisha mwaka 1932. Kila moja kati ya hizo ina uzito unaozidi wa elektroni kwa zaidi ya mara 1,800. Chembe za alfa zilizotumika Manchester ni viini vya heliamu, protoni mbili na neutroni mbili. Gesi ya heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa imo katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, imezaliwa na chembe kama hizo: urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale hutoa alfa, kila alfa hunasa elektroni mbili, nayo huwa atomi ya heliamu.

Namba iliyojificha ilipatikana mwaka 1913. Kijana Henry Moseley, akifanya kazi Manchester na kisha Oxford, alipiga elementi moja baada ya nyingine kwa elektroni zenye kasi na kupima eksirei zilizotoka. Aligundua kwamba kipeuo cha pili cha mtetemo wa eksirei hizo kinapanda kwa hatua zinazolingana kutoka elementi moja hadi inayofuata, kana kwamba kila mara kitu kimoja kizima kimeongezwa. Kitu hicho ni chaji ya kiini, yaani protoni. Kobalti ikasoma 27 na nikeli 28, kama wanakemia walivyozipanga kwa tabia na wala si kama mizani ilivyosema. Teluriamu ina protoni 52, iodini ina 53. Teluriamu inazidi kwa uzito kwa sababu atomi zake nyingi zimebeba neutroni 76 au 78, na iodini ina 74 tu. Neutroni huongeza uzito lakini haibadili elementi kuwa nyingine. Tangu siku hiyo ikawezekana kusema kwa uhakika ni nafasi zipi bado ziko tupu, ikiwemo ya 43, ya 61, ya 72 na ya 75, kwa kuwa hakuna protoni nusu na hivyo hakuna elementi inayoweza kujipenyeza kati ya namba mbili zinazofuatana. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na miaka 27. Ni vigumu kuisoma kazi yake bila kuhuzunika.

Nguvu ya protoni moja inaonekana vizuri katika bonde la Olduvai. Potasiamu ina protoni 19. Kwenye kila atomi zake 8,500 hivi, moja ina neutroni 21 na si imara. Atomi za namna hiyo nyingi hugeuka kalsiamu, lakini kama moja katika kila kumi humeza elektroni yake yenyewe, protoni moja ikageuka neutroni, na hesabu ikashuka kutoka 19 hadi 18. Chembe katika kiini bado ni 40 na uzito ni uleule kwa kila hali ya kutajwa. Ila metali iliyokuwa imefungamana na mwamba sasa ni argoni, gesi isiyoshikamana na chochote. Volkano inapotema, argoni yote ya zamani huponyoka kutoka katika uji wa moto. Majivu yanapopoa na kuganda, argoni mpya inayozalishwa humo hunaswa na kuongezeka taratibu, nusu ya potasiamu ya aina hiyo ikiisha kila baada ya miaka bilioni 1.25. Mary Leakey alipopata fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus hapo Olduvai mwaka 1959, umri wake ulitafutwa kwa kupima argoni katika majivu ya volkano ya tabaka lake, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1961 yalikuwa kama miaka milioni 1.75. Saa hiyo ya potasiamu na argoni inawezekana kwa sababu tu namba 18 na namba 19, majirani wa karibu kabisa kwa uzito, zimo katika safu mbili tofauti za jedwali zenye tabia zisizofanana kwa lolote.

Hapo ndipo swali la elektroni linapoingia, maana protoni hutoa utambulisho, lakini tabia hutoka kwa elektroni za nje. Elektroni hujipanga katika matabaka. La kwanza lina nafasi mbili, la pili nafasi nane. Sodiamu ina elektroni 11, kwa hiyo hupangika 2, 8, 1. Magnesiamu ni 2, 8, 2. Alumini ni 2, 8, 3. Mtu akiuliza ni nani aliyeyaona matabaka hayo, jibu ni kwamba yanapimika. Kuing'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu hakuhitaji nishati kubwa, lakini ya pili inataka zaidi ya mara tisa ya ile ya kwanza. Kwa magnesiamu, mbili za kwanza hutoka bila shida kubwa, na ya tatu hudai zaidi ya mara tano ya ile ya pili. Kwa alumini mruko huo hutokea kwenye ya nne. Moja, mbili, tatu, sawasawa na namba ya safu ambamo kila moja imo. Sasa tuchukue chumvi ya jikoni, iwe imetoka kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au kwenye chemchemi za Uvinza. Sodiamu peke yake ni metali ya rangi ya fedha inayokatika kwa kisu cha mezani na kutimka juu ya maji ikitoa hidrojeni, wakati mwingine kwa mlipuko. Klorini peke yake ni gesi ya kijani-njano iliyotumika kuua askari huko Ypres mwaka 1915. Sodiamu ina elektroni moja ya ziada juu ya tabaka lililojaa. Klorini, 2, 8, 7, imepungukiwa moja. Ya kwanza huitoa, ya pili huipokea, na zote mbili zinabaki na matabaka yaliyojaa kama ya gesi za safu ya mwisho. Ukali wote umekwisha, na tunachotia kwenye mboga ni hizo hizo atomi mbili baada ya kuhamisha elektroni moja.

Klorini ina ndugu katika safu yake, na Mtanzania anawajua hata kama hajawahi kuliona jedwali. Juu yake yuko florini, ambayo floridi yake ikizidi katika maji ya kunywa, kama ilivyo katika baadhi ya vijiji vya miteremko ya Meru, huyatia meno rangi ya kahawia na hata kupinda mifupa. Chini yake, baada ya bromini, yuko iodini, yale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ili kuzuia rovu. Klorini yenyewe inasafisha maji ya bomba. Zote zimepungukiwa elektroni moja, zote hutengeneza chumvi na sodiamu kwa uwiano wa moja kwa moja. Kufanana huku kuna upande wa hatari pia. Strontiamu iko chini ya kalsiamu, zote zina elektroni mbili nje, na mwili unaojenga mfupa haujui kuzitenganisha vizuri. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani miaka ya 1950 yalipomwaga strontiamu yenye mionzi, iliingia kwenye majani, ikaingia kwenye maziwa, na watafiti wa St. Louis nchini Marekani wakaikuta katika meno ya utotoni yaliyokusanywa kutoka kwa wazazi. Aliyekuwa anaijua safu ya kalsiamu angeweza kusema mapema itakwenda kukaa wapi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanafizikia. Picha ya matabaka, watasema, ni ya kuwarahisishia watoto. Elektroni hazizunguki katika njia maalumu kama sayari zinavyolizunguka jua, bali huelezwa kwa uwezekano wa kupatikana mahali hapa au pale. Hilo ni kweli, nami nadhani walimu wangelisema waziwazi tangu siku ya kwanza. Lakini hesabu hiyo mpya, iliyoundwa katika miaka ya 1920, haikuyafuta matabaka, iliyapa msingi. Kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925 inakataza elektroni mbili za atomi moja kuwa katika hali ileile kwa kila kipimo, na kutokana na katazo hilo nafasi za matabaka hutoka zenyewe: 2, 8, 18, 32. Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini basi mstari wa tatu wa jedwali una elementi nane, si 18. Ni kwa sababu elektroni ya 19 ya potasiamu hupata nishati ndogo zaidi ikianza tabaka la nne kuliko ikiendelea kujaza la tatu. Zile nafasi kumi zilizoachwa nyuma zinajazwa baadaye, kuanzia skandiamu, kupitia chuma na shaba, hadi zinki, na ndizo zinazoufanya mstari wa nne kuwa na elementi 18. Mistari yote saba ina urefu wa 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, jumla 118. Vile vipande viwili vya chini vimekatwa kutoka kwenye mistari ya 32 kwa sababu bango lingekuwa pana mno.

Matabaka hayo yalithibitika kwa namna ya kuvutia kuhusu nafasi ya 72. Mwanakemia Mfaransa Georges Urbain aliamini elementi hiyo ni mojawapo ya zile za kipande cha chini, na alisema ameipata humo. Niels Bohr, huko Copenhagen, alihesabu elektroni akaona kipande hicho kinaishia 71, kwa hiyo 72 lazima iwe na sura ya zirikoniamu iliyo juu yake. Dirk Coster na George de Hevesy waliokuwa katika taasisi yake wakaacha madini ambayo wengine walikuwa wakiyachambua, wakapima zirikoni, yaani madini ya zirikoniamu, kwa eksirei za Moseley, na mwezi Januari 1923 wakatangaza hafniamu. Ilikuwa imekaa ndani ya zirikoniamu tangu zirikoniamu ilipogunduliwa mwaka 1789, na kila aliyeipima zirikoniamu aliipima pamoja na hafniamu. Hatua moja kulia kwa jozi hiyo kuna jozi nyingine, niobiamu ya 41 na tantalamu ya 73, na hizi ndizo zilizomo katika koltani inayochimbwa Kivu, mashariki mwa Kongo, ambayo tantalamu yake huingia kwenye simu. Zimetofautiana kwa protoni 32, lakini elektroni zao za nje zinafanana na atomi zao zina ukubwa karibu sawa, ndiyo maana ardhi imeziweka katika jiwe moja, na wanakemia wa Ulaya walibishana kwa zaidi ya miaka 40 kama ni elementi moja au mbili. Mchimbaji wa Rubaya huko Kivu anazitoa pamoja kwa sababu ileile inayoziweka safu moja katika bango.

Zimebaki elementi mbili zinazoleta ubishi hata sasa, nazo ni za mwanzo kabisa. Hidrojeni ina elektroni moja kama sodiamu, ila ni gesi na pia imepungukiwa moja tu kujaza tabaka lake. Heliamu ina mbili kama magnesiamu, ila tabaka lake limejaa, kwa hiyo hukaa na gesi tulivu. Ubishi huo ni kuhusu mahali pa kuchora visanduku. Hesabu ya elektroni haina ubishi, na inaeleza bayana kwa nini ni hizi mbili tu zinazokuwa na sura mbili.

Mwalimu wa darasa la watu 70 anaweza kujibu kwamba hana muda wa historia hii, mtihani unauliza alama na namba, na asiyekariri atafeli. Nakubali kwamba majina lazima yajulikane. Nisichokubali ni kuanza nayo, kwa kuwa aliyekariri elementi 20 anajua 20, na aliyeelewa safu ya sodiamu anajua pia rubidiamu na sesiamu ambazo hazimo katika hizo 20, na anaweza kusema kabla ya kuambiwa kwamba sesiamu ikitumbukizwa majini itakuwa hatari kuliko zote za juu yake. Walimu, anzeni na nafasi tupu. Zibeni kisanduku cha germaniamu kwa kipande cha karatasi, mwaache wanafunzi wasome uzito wa majirani wake wanne: silikoni juu 28.1, bati chini 118.7, galiamu kushoto 69.7, aseniki kulia 74.9. Waambieni wajumlishe, wagawe kwa nne, waandike jibu kwenye daftari, ndipo muitoe karatasi. Watakuwa wameandika 72.85, na kisanduku kitasoma 72.63.